Nasoma silabusi hadi naona naijua, nikifika kwenye mtihani inapotea. Nifanye nini?

mwanafunzi_katuba (Lubumbashi)

Jambo kwenu wote. Niko mwaka wa kwanza wa uuguzi hapa Lubumbashi, naishi Katuba kwa mama mkubwa. Sesheni ya mitihani inakaribia na nina hofu ya kweli. Silabusi (kitabu cha maelezo ya somo) ya anatomia ni nene, nimeisoma tena na tena, nimepiga mistari kwa bike (kalamu) nyekundu karibu kila ukurasa. Usiku nikiisoma naona kila kitu nakijua, hata naweza kukuambia mchoro fulani uko juu au chini ya ukurasa. Lakini kwenye jaribio la juzi asistanti aliuliza neva (mishipa ya fahamu) kumi na mbili za kichwa kwa mpangilio wake. Niliandika tano, tena hizo tano nikazichanganya.

Wenzangu wa promosyo wanasema kuna watu waliozaliwa na kichwa, na wengine hawakujaliwa. Mimi sitaki kuamini hivyo, kwa sababu mama yangu aliuza vitu vyake ili nije kusoma.

Jioni umeme unakatika mara nyingi, saa za mwanga ni chache, na asubuhi napanda taksibisi mapema. Dawa za kuongeza akili zinazouzwa sokoni sizitaki. Naomba njia ambazo mtu anaweza kuzifanya akiwa na kaye (daftari) na bike tu. Aksanti.


muuguzi_wa_usiku (Lubumbashi, Kampemba)

Mdogo wangu, habari ya kuzaliwa na kichwa iache. Hayo unayoyaeleza tumeyapitia wengi tuliosoma uuguzi, na sababu yake inajulikana. Ukiangalia ukurasa ulioupiga mistari, unautambua. Kutambua na kukumbuka ni mambo mawili. Asistanti hakukuonyesha ukurasa akakuuliza kama umewahi kuuona, alikupa karatasi nyeupe.

Basi jizoeze kwa karatasi nyeupe. Soma sehemu fupi, labda mifupa ya mkono tu. Funga silabusi, iweke mbali na mkono wako. Andika yote unayokumbuka, hata vipande vipande, na ukikwama vumilia kidogo kabla ya kufungua. Halafu fungua, usahihishe kwa rangi nyingine. Kesho unarudia yale yaliyo kwenye rangi hiyo ya pili. Inachosha, na mwanzoni utajiona hujui kitu. Usiache.

Jambo jingine nalisema kwa uzito kwa sababu karibuni utakuwa kwenye mafunzo ya hospitali. Kumbukumbu ya mtihani ibaki ya mtihani. Wodini, kipimo cha dawa hatukitegemezi kichwani. Kinaandikwa kwenye fishi ya mgonjwa, kinasomwa tena kabla ya kuchoma sindano, na ukiwa na shaka unamwita mwenzako mhesabu pamoja. Yaya, yaani mkubwa wangu, aliyenifundisha kazi alizijua dawa zote za wodi yetu, na bado alisoma maandishi ya chupa kila mara, kwa sauti.

Na ulale. Yale uliyosoma mchana, ubongo unaendelea kuyaimarisha ukiwa umelala. Anayekesha kuamkia mtihani anajinyima hilo.


mama_mwalimu (Lubumbashi, Kamalondo)

Binti yangu, karibu. Mimi nafundisha historia sekondari, na kwa miaka mingi nimewaandaa mafinalisti kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kwa hiyo swali lako naliishi kila mwaka. Huyo muuguzi amesema neno la msingi, nami nataka kulishikilia, maana naona wanafunzi wanalisikia, wanakubali kwa kichwa, kisha wanarudi kupiga mistari. Kumbukumbu haikui kwa kuingiza. Inakua kwa kutoa.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa majibu ya jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kusoma kifungu kilekile. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja, na vipindi vitatu vilivyobaki likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tu walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya juma moja, waliosoma tu walikumbuka asilimia 40, na waliojipima asilimia 61. Waliosoma tu ndio pia waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka. Tazama usiku wako na ile bike nyekundu: hiyo raha ya kuona unajua inatoka kwenye macho yaliyozoea ukurasa.

Lakini hapa kwetu Katanga watu walilijua jambo hili zamani sana, na inaniuma kuona vijana wa Lubumbashi hawajawahi kuambiwa. Katika ufalme wa Baluba kulikuwa na chama cha Mbudye. Kazi yake ilikuwa kutunza historia ya ufalme: habari za Nkongolo Mwamba, za mwindaji Mbidi Kiluwe, za Kalala Ilunga mwanawe, majina ya wafalme kwa ufuatano, safari zao, mahali patakatifu. Waliofika ngazi za juu za chama walifundishwa kusoma lukasa. Ni ubao wa mti unaoshikika mkononi, mara nyingi umebanwa kidogo katikati, umepachikwa shanga na simbi. Msomaji anaushika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kinatembea juu yake. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo unaweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga unaweza kuwa njia.

Sasa angalia: juu ya ubao ule hakuna hata neno moja lililoandikwa. Kidole kinagusa ushanga, na maneno lazima yatoke kwa mtu mwenyewe. Kila usomaji ni mtihani. Tena msomaji hakutoa maneno yaleyale kila siku, alisema kulingana na shughuli na wanaomsikiliza, kwa sababu alikuwa ameielewa historia yenyewe. Silabusi yako inafanya kinyume: inasema yote, wewe unakaa kimya.

Kwa hiyo wanafunzi wangu nawafanyisha mbao zao. Hazifanani na lukasa ya Mbudye kwa heshima wala kwa kina, lakini kazi ya mkono na mdomo ni hiyohiyo. Kuna msichana mmoja alichukua upande wa katoni ya sabuni, akashona vifungo vya shati kwa uzi mweusi, viwili viwili, vimekaribiana. Kifungo cheupe ni 30 Juni 1960, uhuru. Cha kahawia kilichobanana nacho ni 11 Julai mwaka uleule, Katanga kujitenga. Kisha kimoja chenye ufa, amekichagua makusudi, ni 17 Januari 1961, siku Lumumba alipouawa karibu na mji wetu huu, ulipokuwa ukiitwa Élisabethville. Kinafuata cha Januari 1963, kujitenga kunakwisha. Pembeni kuna kifungo kikubwa cha koti, 24 Novemba 1965, Mobutu anachukua madaraka. Nilimwomba afumbe macho aniambie miaka ile mitano. Kidole kilifika kwenye ule ufa, akasimama, akaanza kunieleza kwa nini Lumumba aliletwa Katanga na nani walikuwa wakimngoja. Sikuwa nimemuuliza hilo. Tarehe ilikuja na sababu yake.

Tuje kwenye neva zako. Kitu kisicho na mpangilio unaoonekana kinahitaji mahali pa kukaa. Wagiriki na Warumi wa kale walifanya hivi: unachukua njia unayoijua vizuri, na kila kituo cha njia unakiwekea picha. Mwaka 2017 kundi la watafiti lililoongozwa na Martin Dresler lilifundisha watu wa kawaida njia hii, nusu saa kwa siku kwa siku 40. Walipewa orodha ya maneno 72. Mwanzoni walikumbuka kama maneno 26 hivi kwa wastani, mwishoni 62, na miezi minne baadaye, bila mazoezi, bado walikuwa mbali juu ya pale walipoanzia. Hao hawakuwa watu waliozaliwa na kichwa.

Nitakupa vituo vitano nikitumia parsele (kiwanja cha nyumba) yangu, wewe utatumia ya kwenu.

Natoka nyumbani, cha kwanza ni jiko la nje. Hapo nimetundika makayabo (samaki wa chumvi) mazima, harufu inanipiga puani kabla sijafika. Neva ya kwanza, ya kunusa. Cha pili ni mwembe: badala ya maembe yananing'inia macho, yote yananitazama. Neva ya pili, ya kuona. Cha tatu ni mlango wa bati wa depo (ghala), ule wa kuinua kwenda juu. Naufanya kope kubwa, nauinua kwa nguvu, na nyuma yake kuna jicho linalozunguka huku na huku. Neva ya tatu inainua kope na kuendesha misuli mingi ya jicho. Cha nne ni kisima chenye puli. Msuli unaoongozwa na neva ya nne una kano inayopita kwenye kipete kidogo ndani ya tundu la jicho, inafanya kazi kama ile kamba kwenye puli, basi kwangu kamba ile imefungwa kwenye jicho. Cha tano ni getini, kwa mama anayeuza makala (makaa). Kuna magunia matatu, yote yanawaka moto, moja linaniunguza paji la uso, la pili shavu, la tatu taya. Neva ya tano ina matawi matatu, yanapeleka habari za hisia za uso, na tawi la taya ya chini linaendesha pia misuli ya kutafuna.

Picha ikiwa ya kawaida itafutika. Iwe kubwa, iwe na harufu, moto, kelele, na ifanye kitu. Na usichukue picha zangu! Zile utakazozitengeneza mwenyewe ndizo zitakazokaa. Malizia kuanzia ya sita mpaka ya kumi na mbili kwa njia ya kwenda kituo cha taksibisi.


mwimbaji_ruashi (Lubumbashi, Ruashi)

Mimi si msomi wa mambo haya, naimba kwaya. Nyimbo zetu nyingine zina beti nyingi na hatushiki karatasi mbele ya watu. Kiongozi wetu anatufundisha kuanzia ubeti wa mwisho. Tukiushika, tunarudi ubeti ulio kabla yake na kwenda mbele mpaka mwisho, tena ule wa kabla yake, hivyo hivyo. Ukiimba unakuwa unatoka kwenye sehemu ngeni na kuingia sehemu uliyoizoea, kwa hiyo hofu inapungua kadiri unavyoendelea. Watu wengi wanajua vizuri mwanzo wa kila kitu na mwisho hawaujui, kwa sababu kila siku wanaanzia juu.

Dada, jaribu na neva: anza na ya kumi na mbili.


mwanafunzi_katuba (Lubumbashi)

Sijui niwashukuru vipi. Jana nilifanya njia mpaka neva ya saba, na leo kwenye taksibisi niliweza kuzisema bila kuangalia. Ya sita, inayogeuza jicho kuelekea nje, nimeiweka kwa kijana wa pusu-pusu (mkokoteni) ambaye macho yake yanaangalia pembeni, moja kila upande. Ya saba, ya uso, nimeiweka saluni, kwenye picha za nyuso zilizochorwa ukutani.

Mama mwalimu, nina maswali mawili. La kwanza: orodha sasa naona zinawezekana, lakini vitu kama figo, namna damu inavyochujwa, hivyo si orodha. Tena tunasoma kwa Kifaransa na mimi kichwani nafikiri kwa Kiswahili. La pili: nikijua kitu leo, nikirudie lini? Siwezi kurudia kila kitu kila siku.


mama_mwalimu (Lubumbashi, Kamalondo)

Umefanya vizuri sana, na kijana wa pusu-pusu ni picha bora kuliko zangu zote.

Kwa figo, ubao na njia havitoshi. Pale unahitaji kueleza. Chora figo kwenye karatasi nyeupe bila silabusi, halafu mweleze mtu: mdogo wako, mama mkubwa akipika, yeyote. Eleza kwa Kiswahili. Damu inaingia wapi, kwa nini inaingia na msukumo, nini kinapita kwenye chujio na nini kinabaki, kwa nini maji mengi na sukari vinarudishwa kwenye damu kabla mkojo haujatoka. Kila ukifika mahali unasema "halafu inaenda... inaenda..." na huna la kuongeza, tia alama ya swali kwenye mchoro. Hapo ndipo usipoelewa, na hapo tu ndipo unafungua silabusi. Ukishaweza kwa Kiswahili bila kukwama, fanya tena kwa Kifaransa, kwa sauti na kwa kuandika. Usiruke hatua hii ya mwisho. Mtihani ni wa Kifaransa, na kitu ulichojizoeza kukitoa kwa lugha moja tu kinaweza kukukwama ukidaiwa kwa nyingine. Nina wanafunzi wanaoelewa historia vizuri kabisa wakiniambia kwa Kiswahili, wakishika bike wanaandika mistari miwili.

Jambo dogo kuhusu neva zako, kwa kuwa umefika ya saba. Usizibebe zikiwa kumi na mbili. Mwaka 1956 George Miller aliandika kwamba akili inashika vitu kama saba kwa wakati mmoja, na mwaka 2001 Nelson Cowan akaonyesha kwamba ni karibu na vinne. Lakini kila kimoja kinaweza kuwa fungu. Ya tatu, ya nne na ya sita zote zinaendesha jicho: hilo ni fungu moja. Ya kunusa, ya kuona na ya nane, ambayo ni ya kusikia na usawa wa mwili, zinaleta habari tu: fungu la pili. Namba za simu unazishikaje? Hakuna anayesema tarakimu moja moja, tunazisema mbili mbili, nonante-sept, septante-deux, ndiyo maana zinakaa.

Sasa lini kurudia. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885. Aliona kusahau kunakimbia sana saa na siku za kwanza, kisha mwendo unapungua. Kwa hiyo marudio ya kwanza yawe karibu, yanayofuata yaachane. Ukirudia mara tano jioni moja, unapoteza muda. Ukitawanya mara tano zilezile katika majuma mawili, unajenga.

Njia rahisi ya kupanga bila simu wala umeme ilielezwa na Sebastian Leitner mwaka 1972. Kata karatasi za kaye vipande vinne. Upande mmoja andika swali, upande wa pili jibu. Swali moja kwa kila kikaratasi, fupi: "Neva ya kumi inafika wapi?" Usiandike kifungu kizima. Tafuta bahasha tatu au vikopo vitatu. Vikaratasi vyote vinaanzia cha kwanza, na hicho unakipitia kila siku. Ukijibu sawa, kikaratasi kinahamia cha pili, utakikuta tena baada ya siku tatu. Ukijibu sawa tena, kinaenda cha tatu, cha kila juma. Ukikosea, hata kama kilikuwa cha tatu, kinarudi cha kwanza. Hivyo yale unayoyajua hayakuli muda, na yale magumu yanakuja mbele yako yenyewe.

Saa zako za mwanga jioni zitumie kwa karatasi nyeupe na michoro, kazi inayohitaji meza. Vikaratasi viache kwa taksibisi na foleni. Jibu kwanza, kwa midomo hata bila sauti, ndipo ugeuze. Wanafunzi wengi wanageuza haraka, wanasema "ndiyo, nilijua", na wanarudi kwenye ugonjwa uleule wa kutambua.

Usichanganye sana masomo mapya na marudio katika siku za mwisho. Siku mbili kabla ya mtihani usiingize kitu kipya, pitia bahasha ya kwanza na michoro yenye alama za maswali. Siku ya mtihani yenyewe, ukipewa karatasi, andika haraka neva zote kumi na mbili pembeni ya karatasi ya rasimu kabla hata ya kusoma maswali, ili hofu isizikute bado njiani.

Na hili nalisema kama mama. Ukiona unasahau kuliko kawaida yako, una uchovu usioisha au homa zinazokuja na kuondoka, nenda upimwe malaria na damu. Msichana anayeamka mapema, anakosa chakula cha asubuhi na kusoma kwa mshumaa hatakiwi kudhani tatizo ni akili. Kula kabla ya kupanda taksibisi, hata bukari (ugali) iliyolala.

Leo jioni anza na figo. Karatasi nyeupe, mchoro, na mdogo wako akae mbele yako. Kesho andika hapa ni wapi ulitia alama za maswali. Muuguzi wa usiku atatusaidia kwenye yale ya uuguzi yanayonizidi, nami nitaangalia namna unavyoyaeleza.


muuguzi_wa_usiku (Lubumbashi, Kampemba)

Nipo. Mdogo wangu, ukifika kwenye figo, mahali ambapo wengi wanakwama ni ule mrija uliojikunja unaoshuka na kupanda. Chora hapo kwa ukubwa, uandike pembeni ya upande unaoshuka na upande unaopanda nini kinatoka, maji au chumvi. Niandikie kesho baada ya saa mbili asubuhi, nitakuwa nimetoka zamu.